Siku Mbili Ghalani, Miaka Mitatu ya Kungoja

Asubuhi ile niligombana kidogo na mume wangu juu ya mabati.

Mvua ilikuwa imenyesha, na maji yakapenya kwenye paa la nyasi yakadondokea kitandani, pale pale alipolala mtoto wetu Akinyi. Ikabidi nisogeze kitanda. Lakini kabla ya kukisogeza nilipaswa kuondoa mabati kumi na manane, mapya, yaliyofungwa kwa magunia na kuegemezwa ukutani tangu mwaka uliotangulia. Nikamwambia Odera kwamba sijawahi kuona nyumba inayovuja huku ina mabati ndani.

"Hayo ni ya nyumba," alisema.

"Na hii ni nini?"

"Hapa ni mahali pa kungojea tu. Uhuru ukija tutajenga."

Hakuwa anatania. Siku zile kila mtu alizungumza hivyo. Uhuru ukija barabara itapita hapa, Uhuru ukija watoto wote watasoma. Ulikuwa umekaribia, haukubaki hata mwaka mmoja. Lakini Odera alikuwa mtu wa kesho hata kabla ya siasa. Tukivuna karanga, zile kubwa alizitenga kwa mbegu, sisi tukala zilizobunguliwa. Sahani za harusi yetu zilikaa ndani ya sanduku zikingoja wageni ambao hakuwataja majina.

Mimi ni mtu wa Kisegi, na hata leo wananiita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Baba yangu alikuwa mvuvi, na nyumbani kwetu samaki wa leo aliliwa leo. Nilipoolewa mbali na ziwa, huko ng'ambo ya Migori karibu na mpaka, nilidhani nitazoea tabia ya mume wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, Akinyi alikuwa na minne. Nilikuwa nimeanza kuzoea.

Mashamba yetu yaliishia kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito yalianza mashamba ya Wakuria, na nyumba ya kwanza upande ule ilikuwa ya Boke, mke wa Mzee Mwita. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi. Tulikutana majini. Mimi sikujua Kikuria, yeye hakujua Dholuo, lugha yetu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, kila mmoja amekipinda kwa upande wake. Mama yangu aliponitumia samaki wakavu nilimpelekea Boke. Yeye aliniletea maziwa lala, yale yaliyoganda, ndani ya kibuyu. Siku ile ya ugomvi nilimsimulia habari za mabati, akacheka mpaka akaweka mtungi chini.

"Bwana yako ni mutu mzuri," alisema. "Lakini yeye nataka kulala kwa nyumba ya mwaka kesho. Wewe na mutoto nalala wapi leo?"

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka kuwa ya kawaida.

Alhamisi ya juma lililofuata ng'ombe wa maboma matatu ya upande wetu waliibwa. Mpaka leo sijui nani aliwachukua. Wengine walisema ni watu wa ng'ambo ya kijito, wengine walisema ni wezi kutoka mbali walioutumia mpaka kama mlango. Vijana wetu walifuata nyayo na wakarudi wamembeba mwenzao, amekufa kwa mshale. Ijumaa upande wa pili nao walizika mtu. Odera alichukua mkuki wa marehemu baba yake akaondoka na wanaume. Alisema watarudi Jumapili.

Jumamosi asubuhi nilimbeba Akinyi mgongoni nikaenda kuteka maji. Jua lilikuwa limeshapanda, na sisi wanawake tuliamini kwamba mchana una heshima yake.

Nilikuwa nimejaza mtungi nilipoona moshi. Ulikuwa nyuma yangu, upande wa nyumbani.

Kisha nikasikia mayowe. Yalikuwa kati yangu na nyumba yangu.

Nilisimama. Sikuwa na mahali pa kwenda.

Mkono ulinishika kutoka nyuma. Ulikuwa wa Boke. Alipiga teke mtungi wangu ukaingia majini, akanivuta ng'ambo.

"Kuja. Usiuliza."

Tulipita katikati ya mtama wake. Nyuma ya nyumba alikuwa na maghala mawili ya fito, yameinuliwa juu ya mawe, na kila moja lina paa la nyasi kama kofia. Aliinua paa la lile kubwa akanisukuma juu, kisha akanipa mtoto, kisha akafunika.

Ndani kulikuwa na mtama mpaka nusu. Tulilala juu yake.

Kupitia nafasi ndogo kati ya fito niliuona ua. Mzee Mwita alitoka nyumbani, akaliangalia ghala, akamwangalia mkewe. Mzee alikwenda akaleta kigoda chake, mpini wa jembe ambao haujamalizika, na kisu. Akaketi akiwa ameegemea ghala letu. Alianza kuchonga.

Alikaa pale siku mbili. Aliondoka kwenda haja tu, na hapo Boke alikaa mahali pake.

Sikuwa na hofu ya moto wala mikuki kama niliyokuwa nayo ya kikohozi cha mtoto. Makapi ya mtama yalimwingia Akinyi kooni. Alikohoa mara ya kwanza mchana ule ule, kikohozi kidogo, kikavu, nami nikamfunika kwa kifua changu nikafikiri tumekwisha.

Uani Boke alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, akatema mate.

Akinyi akakohoa tena. Boke naye.

Ikawa hivyo siku nzima. Kila mtoto alipokohoa, mwanamke yule alikohoa zaidi, akiwa anapepeta, akiwa anachochea moto, akiwa anaitikia salamu. Vijana wenye pinde walipita uani. Mmoja alimwuliza kitu kwa Kikuria akionyesha kifua. Boke alimjibu kwa ukali na vijana wakacheka. Baadaye, alipotupitishia uji kwa kibuyu, nilimwuliza alisema nini.

"Nimesema wao nachoma nyumba ya watu, moshi naingia kwa kifua ya mama yao, halafu nauliza nakohoa nini."

Nilicheka. Niliweka ngumi mdomoni nikacheka juu ya ule mtama, na machozi yakanitoka. Ni ajabu, lakini katika siku zile mbili sikufikiri hata mara moja juu ya mwaka ujao. Nilifikiri juu ya kikohozi kilichopita na uji uliokuja. Nywele za mtoto wangu zilinuka moshi na maziwa. Nilizinusa kama mtu mwenye njaa.

Jumatatu kulipopambazuka Boke alitutoa. Alinifunga nguo yake, akanitwika kikapu cha ndizi, akambeba Akinyi mgongoni mwake yeye. Tulitembea kama wanawake wa sokoni. Tulikutana na watu mara mbili, na mara zote mbili alisalimia kwanza, kwa sauti, bila kupunguza mwendo.

Kwenye barabara kubwa kulikuwa na lori la polisi lililokuwa likiwachukua watu waliokimbia. Alisimama kabla ya kulifikia. Alimshusha Akinyi, akanitua kikapu na kuniachia ndizi chache, akachambua makapi masikioni mwake kwa kidole.

"Mutoto amekula?" aliniuliza.

"Amekula."

"Mpe ndizi tena. Enda."

Nilikwenda. Nilipogeuka alikuwa ameshachukua njia ya kurudi, kikapu kichwani, anatembea haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Lori lilitushusha kwenye uwanja wa shule moja pale Migori, pamoja na mamia ya watu. Odera alitukuta Jumatano. Alikuwa ananuka moshi. Alipotuona hakukimbia kutukumbatia. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi.

"Waliniambia mmekufa," alisema. "Walikuta mtungi wako umevunjika mtoni."

Nilimweleza yote, nikiketi naye pale chini: ghala, kigoda, kikohozi.

"Boke wa Mwita?" aliuliza. "Yule wa maghala mawili?"

"Huyo huyo."

Aliinuka akaenda nyuma ya darasa, akakaa huko mpaka giza likaingia. Nilidhani ni uchovu.

Nyumba yetu ilikuwa imeungua, na mabati yake yalijikunja kwenye moto yakawa kama majani makavu. Tulielekea upande wa Homa Bay. Tulilala siku chache Asumbi, ambako watawa wa misheni walitupa blanketi na chumvi, kisha tukafika Rodi Kopany kwa Ogutu, mjomba wa Odera. Alikuwa mkulima mwenye moyo mkubwa na maneno machache. Siku ya pili alimtembeza Odera mpaka kwenye mteremko nyuma ya boma.

"Hapa patakufaa. Jenga."

"Asante, mjomba. Lakini hatutakaa. Mwezi ujao tunarudi."

Tukaingia katika jiko lake la zamani. Vitu tulivyopewa, sufuria, blanketi, nguo za kanisani, Odera alivifunga kwa kamba ili siku ya kurudi ikifika tusipoteze muda. Nikitaka sufuria nafungua, nikimaliza nafunga. Mwezi ujao ukafika, ukapita. Aliyefungwa na kamba zile hasa nilikuwa mimi, lakini sikulalamika, kwa sababu nami nilikuwa nangoja. Nilingoja kurudi kwenye kijito kile. Sikupanda kitu kwenye mteremko. Wanawake wa kanisani waliponialika kwenye chama chao niliwaambia mimi ni mpita njia. Walinialika tena, nikawajibu vile vile.

Uhuru ukaja. Tulikwenda Homa Bay mjini kuutazama. Watu waliimba mpaka sauti zikakauka, nyama ikachomwa, wazee wakacheza na wajukuu. Odera alisimama pembeni amekunja mikono. Njiani tukirudi alisema, "Sasa itakuwa haraka. Serikali ni yetu, itaturudisha."

Mtoto wetu wa pili, Ochieng, alizaliwa na kulala juu ya mabunda yaliyofungwa. Akinyi akafika miaka saba. Watoto wa Mjomba walikwenda shule, naye alikaa mlangoni akiwatazama.

"Atasoma kwetu," Odera alisema.

"Kwetu ni wapi?" mtoto aliuliza. Alikuwa amepasahau.

Kule mpakani palikuwa pametulia kiasi. Baadhi ya majirani walikuwa wamerudi. Nilimwuliza Odera mbona sisi hatuendi. Alisema bado, amani haijakomaa. Sikumwelewa.

Ndipo siku moja sokoni Rodi Kopany nilimsikia mwanamke aliyeuza tumbaku akitaja bei, na Kiswahili chake kilinisimamisha. Kilikuwa kimepindwa kwa upande ule ninaoujua. Niliinama mbele ya tumbaku yake nikamwuliza kama anamfahamu Boke, mke wa Mwita, wa karibu na kijito.

"Huyo alikufa," alisema. "Wakati ya vita."

"Siku gani?"

"Ile Jumatatu watu yenu walikuja kuchoma. Jua iko juu. Yeye alikuwa ametoka barabara, hata hajaweka kikapu chini. Aliona ndama iko ndani, akaenda kufungua. Mushale."

Nilibaki nimeinama. Aliniuliza kama nanunua. Nilinunua tumbaku, mimi nisiyevuta wala kunusa, na nilitembea nayo mkononi mpaka nyumbani.

Odera alikuwa ameketi nje na Ochieng mapajani. Nilimchukua mtoto nikampa dada yake, nikawaambia waende kwa Mjomba.

"Ile Jumatatu," nilisema, "ulikuwa wapi?"

Hakujifanya hajui.

"Ng'ambo."

"Nyumbani kwa Boke?"

Alitazama mikono yake. "Sikurusha mshale. Lakini nilishika moto. Ile nyumba ya kwanza, mimi ndiye niliyewasha. Waliniambia mmekufa, Nyar Kisegi. Niliona mtungi. Nilitaka mtu yeyote."

"Na Migori, nilipokueleza. Ulijua."

"Nilijua."

"Umenyamaza miaka mitatu?"

"Nilikuwa nangoja amani ikamilike, niende kwa Mwita nimwambie. Nikishamwambia ndipo nitaweza kuishi. Sasa hivi siwezi. Siwezi kujenga, siwezi kupanda."

Sikumpigia kelele. Siku tisa nilipika, nikaandaa, nikaosha, na sikumwambia neno. Nilimchukia. Pia nilikumbuka alivyoketi vumbini siku ile Migori, na hilo nalo nilimchukia kwalo, kwa sababu lilinizuia kumchukia vizuri. Halafu nikaona jambo jingine. Nilikuwa nimelaza watoto wangu juu ya mabunda miaka mitatu nikingoja kurudi kwa mwanamke aliyekuwa amekufa siku ile ile tuliyoagana. Nilichokuwa nikikingoja hakikuwepo. Watoto walikuwepo.

Siku ya kumi nilisema, "Amani haitakuja hapa kutuita. Kesho tunakwenda."

Tuliwaacha watoto kwa Mjomba. Kutoka Migori tulitembea, na tulipofika kijitoni sikutazama maji. Mzee Mwita alikuwa amehamia kilimani kwa ndugu yake. Tulimkuta peke yake kwenye shamba la tumbaku, anapalilia. Alikuwa amezeeka kuliko miaka mitatu.

Odera alisimama ukingoni mwa shamba akasema yote, amesimama, bila kuficha kitu. Mimi nilikuwa nimeanza kufikiri tutakufa pale, na sikukimbia.

Mzee aliegemea jembe lake.

"Wewe ndiye alishika moto."

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu ndiye alikuwa kwa ghala."

"Ndiyo," nilisema mimi.

"Mutoto iko?"

"Yuko. Ana miaka saba. Hakohoi tena."

Aligeuza uso akatazama upande wa kijito. Bega lake moja lilipanda likashuka. Kisha akasema bila kututazama, "Jembe iko kwa nyumba. Leta mbili."

Tulipalilia. Yeye mstari wake, sisi yetu. Tuliendelea mpaka jua lilipokuwa utosini. Ndipo alipoleta maziwa lala na kikombe kimoja, akanywa kwanza, akanipa mimi, nami nikampa Odera. Odera alikishika kikombe bila kunywa.

"Mzee, utanisamehe?"

"Sijui." Alifuta ndevu zake. "Watu naniambia ngoja, hasira itaisha. Mimi singoji. Nikingoja hasira iishe ndiyo nalima, hii tumbaku itakufa kwa magugu. Siku ingine nalima na hasira. Siku ingine naona hasira hakuna, nalima tu. Kunywa. Halafu maliza mustari yako."

Odera alikunywa. Tulimaliza mistari. Tulipoaga, Mzee Mwita alisema palizi ya mwaka kesho itaanza wakati kama ule.

Tuliporudi Rodi Kopany nilichukua kisu nikakata kamba zote. Sikuzifungua, nilizikata vipande vipande ili zisifunge kitu tena. Juma lile lile Odera alimpeleka Akinyi shule, akasimama mlangoni mwa darasa mpaka mwalimu akamwambia aende. Kabla ya mvua alikuwa amejenga nyumba kwenye mteremko. Aliiezeka kwa nyasi kwa sababu nyasi ndizo zilizokuwepo. Nilipanda karanga, na zilipokomaa nilichagua zile kubwa kabisa nikazichemsha zikiwa mbichi, tukazila tumekaa chini, sisi wanne, mpaka Ochieng akaumwa tumbo. Odera alinitazama nikizimimina sufuriani. Niliona mdomo wake ukitaka kusema neno mbegu, ukaliacha.

Nilijiunga na chama cha wanawake. Niliwaambia mimi si mpita njia tena, nao wakanicheka, wakasema walikuwa wameniandika zamani. Tulipata watoto wengine watatu. Tulikuwa na miaka ya njaa na miaka ya kushiba, na nikiwa mkweli, ile ya kushiba ilikuwa mingi zaidi. Mara nyingi nilijikuta nikifurahi bila sababu kubwa: ugali uliosongwa vizuri, nguo zilizokauka kabla ya mvua.

Kila mwaka, msimu wa palizi, tulikwenda kulima kwa Mzee Mwita siku mbili au tatu. Akinyi alipokua alikwenda nasi. Mzee hakutamka kwamba amesamehe, na Odera hakuuliza tena. Mzee alipofariki ndugu zake walituletea habari, tukaenda tukalia pamoja nao.

Hatukurudi kuishi mpakani. Sijutii. Lakini sitaki mtu adhani kwamba kwa kuwa maisha yangu yalikuwa mazuri, basi hesabu ililingana. Boke alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano. Alipenda kucheka. Angekuwa bibi sasa kama mimi. Mimi nimepewa miaka mingi ambayo mtu mwingine aliilipia asubuhi moja, na aliyemchomea nyumba yake nilimpikia maisha yangu yote na nilimpenda. Mambo haya mawili hayajawahi kukaa pamoja kwa amani ndani yangu. Nimejifunza kuishi nayo yakiwa yanagombana.

Odera alipougua ule ugonjwa wa mwisho nilimhudumia nyumbani. Alasiri moja, nikimgeuza ubavu, aliniuliza swali ambalo hakuwa ameniuliza miaka yote ile.

"Nyar Kisegi, wewe ulinisamehe?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Siku nyingine ndiyo," nilisema. "Siku nyingine hapana."

"Na leo?"

Nilimtazama. Nje wajukuu walikuwa wakifukuzana, na jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni kwake.

"Leo ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akasema chai ya asubuhi haikuwa na sukari ya kutosha, nami nikainuka kwenda kumpikia nyingine.